Maneno ya Ubavuni

Fundi cherehani wa karibu na stendi ya Korogwe hagusi mkasi kabla hajakivuta kitambaa. Hukivuta kwa urefu, hukivuta kwa upana, pini amezibana midomoni, kisha hukilaza mezani kwa kufuata uzi wake, akikipapasa taratibu kama mgongo wa mtoto aliyesinzia. Mwaija alimpelekea khanga ya kushona gauni la harusini, yenye maneno “Semeni, mkichoka mlale”. Alimwambia anataka yakae kiunoni, wifi yake ayaone vizuri.

“Haiwezekani, mama,” fundi alisema, pini zikiwa palepale. “Uzi umekwenda na maandishi. Nikiyalaza kiunoni, ukifua mara mbili tu gauni litavutika, likukae kama gunia.”

Mwaija alibembeleza, akanuna, wapi! Maneno yakasimama ubavuni, toka kwapani hadi kwenye pindo. Harusini gauni lilimkaa utadhani kazaliwa nalo, na wifi, ili asome, ilibidi alaze kichwa begani, midomo ikimchezacheza, ukumbi mzima ukimtazama.

Jumatatu Mwaija alirudi akicheka peke yake. Fundi akazitema pini zote kiganjani.

“Haya, niambie. Wifi alisoma mpaka mwisho?”