Kikao cha familia kilitaka nisome meseji za marehemu mke wangu. Nilikataa

Tarehe 9 Machi mwaka huu nilimzika mke wangu, Ndeshi.

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mkulima tu huku juu ya Kikatiti, elimu yangu darasa la saba, mnivumilie uandishi. Ninayosimulia ndiyo yaliyotokea, chumvi sijaongeza.

Ndeshi alikuwa kiongozi wa akina mama kwenye jumuiya yetu. Mama akipigwa, akifukuzwa, akiwa na jambo hawezi kulisema nyumbani, alimwandikia yeye. Hata mimi hakuwahi kuniambia.

Alipolazwa alinipa simu na password. Akasema, "Pokea simu, uwaambie watu naendeleaje. Meseji za akina mama usiguse."

Kesho yake baada ya mazishi tukakaa kikao cha familia. Kaka yangu mkubwa akataka simu ya marehemu ifunguliwe, isomwe mbele ya wote, "tujue alikuwa na nini moyoni."

Mimi nilijua anachotafuta. Mkewe, mama Neema, alikuwa mtu wa karibu sana na Ndeshi. Wakati huo alikuwa anagawa chai. Nikasikia vikombe vinagongana kwenye sinia.

Nikasema hapana.

"Unaficha nini?" kaka akauliza. "Au siku hizi umekuwa mchungaji?"

Baba mdogo akadakia, "Mwacheni huyo. Redio ya jirani tu akiisikia anaziba masikio!"

Watu wakacheka. Nikasubiri wamalize. Nikawaambia simu kaiacha mke wangu, lakini maneno yaliyomo ni ya walioyaandika. Mimi sijaruhusiwa kuyasoma, nitamruhusuje mwingine?

Kaka akasema, "Basi kuanzia leo usiniite kaka."

Iliniuma, wakuu. Baba hatunaye, yeye ndiye aliyenilea. Lakini simu ilibaki mfukoni mwangu.

Niseme na hili. Nilitamani kusoma. Siku moja niko shambani kwenye migomba niliifungua, nikaliona jina la dada yake Ndeshi. Najua alimwandikia habari zangu, nzuri na mbaya. Kidole kilikuwa juu ya jina. Nikaizima, nikaendelea kupalilia.

Nikamwomba mama mkwe awapelekee akina mama ujumbe: aliyewahi kumwandikia Ndeshi aje Jumamosi, afute meseji zake mwenyewe akitaka.

Walikuja. Kila mmoja nilimtafutia jina lake, nikalibonyeza, nikampa simu na kugeukia bandani kwa ng'ombe. Nilisimama karibu, asije akapitiliza kwenye za mwenzake. Akimaliza kufuta ananirudishia.

Bibi mmoja hajui kusoma, meseji zake alikuwa anaandikiwa. Akaniambia, "Zangu nisomee, mwanangu. Kwa sauti."

Nikasoma. Alikuwa anaomba mbegu za maharage. Akaomba tena, na tena.

"Nilimsumbua mtoto wa watu," akasema, akacheka huku anafuta machozi na kanga. "Hizo usifute."

Mama Neema alikuja wa mwisho. Alikaa na simu muda mrefu. Alichofanya sijui, sikuangalia.

Nilichojifunza ni hiki: kupewa password siyo kupewa ruhusa ya kila kitu. Na mtu akifa, ruhusa aliyokupa haiongezeki.

Kama kuna aliyepitia haya, aseme alifanyaje na simu ya mtu wake. Hata mkinipinga nitasoma. Mimi ya Ndeshi bado naichaji.

Jana baada ya ibada kaka alinifuata nyumbani. Hakukaa. Akauliza, "Mama Neema alifuta?"

Nikamwambia, "Shikamoo kaka. Kamuulize mwenyewe."

Akainama kidogo, kisha akasema, "Naogopa atakachonijibu."

Sijawahi kumsikia kaka akisema anaogopa kitu. Akafunga koti, akashika njia ya kwake.