Mwalimu dhidi ya Trekta: nilimpa rafiki yangu shikamoo, akageukia ukutani

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hii siyo chai. Ningekuwa natunga ningejipa ushindi, na mtaona wenyewe sikushinda.

Niko Moshono, Arusha, nina duka la vifaa vya umeme. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa fundi cherehani, Mmeru wa Nkoaranga, nitamwita Anaeli. Mimi Mchaga. Tumelingana umri, wote tunaukaribia uzee na hatutaki kuukubali.

Naishi peke yangu. Watoto wana maisha yao Dar, mama yao tuliachana zamani. Kusema kweli, mtu pekee niliyeongea naye maneno yanayozidi "bei gani" kwa siku nzima alikuwa Anaeli.

Na tulichoongea ni ngumi. Heavyweight tu. Uzito mwingine tuliuita mazoezi.

Yeye alikuwa na bondia wake wa enzi za TV za black and white, alimwita Mwalimu, eti jab yake inakugonga kwanza ndiyo unaelewa somo. Mimi nilikuwa na jitu la siku hizi, refu kama mlango wa kanisa. Nikaliita Trekta. Majina halisi siyataji, nawajua humu, mtaanza kutukanana uzi ufe.

Swali lilikuwa lile lile miaka yote: wangekutana, nani analala?

Nilikuwa nasema Trekta anamaliza kazi raundi ya pili. Anaeli anaweka mkasi chini, anavua miwani, anasema, "Mchaga, ngumi za zamani zilikuwa raundi kumi na tano. Siku hizi mkifika kumi na mbili mnaenda kunywa soda. Huyo Trekta wako hajawahi kuiona raundi ya kumi na tatu. Akiiona atauliza njia ya kwao."

Hiyo kumi na tatu iliniudhi sana, kwa sababu sikuwahi kuipatia jibu.

Sasa tulikuwa na adhabu yetu. Aliyezidiwa hoja anampa mwenzake shikamoo wiki nzima, mbele za watu, na mwenzake anaitikia marahaba kwa madaha. Mnajua ilivyo, kumpa shikamoo mtu wa rika lako ni kujivua nguo sokoni. Kuna mama mteja aliwahi kuniuliza, "Kwani yule fundi ni mjomba wako?" Anaeli alicheka hadi akachoma suruali ya mtu kwa pasi.

Ndiyo maana hakuna aliyekubali kushindwa kirahisi.

Kipindi cha mvua Anaeli akaanguka juu ya cherehani yake. Kiharusi. Alipotoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umelala na kauli imekwenda. Dada yake, Mama Neema, akamchukua nyumbani kwao Nkoaranga. Kile chumba chake sasa wanakaanga chipsi.

Wakuu, ule upweke sikuutegemea. Siku moja nilikuwa naangalia pambano kwenye simu, Trekta akamlaza mtu, nikagonga ukuta kumwambia Anaeli aje aone. Akatokea kijana wa chipsi, akaniuliza kavu au mayai. Nilijisikia mjinga aisee.

Jumapili moja baada ya ibada nikaenda kumwona. Mvua ilikuwa imenyesha, boda akagoma kupanda kile kilima. Nikapanda kwa miguu katikati ya migomba na kahawa, viatu vya kanisani vikawa tope tupu.

Nikamkuta kitandani, kakonda, Mama Neema anamlisha loshoro, ule mlo wa mahindi na maziwa mgando, kwa kijiko. Miwani yake iko dirishani, haina kazi. Huruma ikanishika.

Ndipo nikaboronga. Nilidhani namletea zawadi. Nikainama nikasema, "Shikamoo, Anaeli. Mwalimu kashinda."

Aliniangalia weee. Halafu akafunga mdomo, akakataa kijiko, akajigeuza kwa shida hadi uso ukaelekea ukutani.

Mama Neema akanivuta nje. "Kaka, umemwambia nini? Huyu hajawahi kumpa mgeni mgongo."

Nikamweleza ubishi wetu wote, na adhabu ya shikamoo. Alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Sasa unampa ushindi wa bure kama mtoto anayepewa pipi ili anyamaze. Si ndiyo umeshamzika hivyo?"

Iliniingia wakuu. Nikarudi ndani, nikachukua miwani dirishani, nikamvalisha.

"Shikamoo yangu naichukua," nikasema kwa sauti ile ya dukani. "Trekta anamlaza Mwalimu wako raundi ya pili, mchana kweupe. Na wewe fundi suruali hujui ngumi, hujawahi kujua."

Nikasikia kuku wanaparua nje. Nikajua nimeharibu zaidi.

Kisha akajigeuza kwangu, mkono wake wa kushoto ukatoka kwenye blanketi. Akaufungua, vidole vitano. Akaufunga. Akaufungua tena, vitano. Akaufunga. Halafu akanyoosha vitatu, akaniwekea mbele ya pua.

Kumi na tatu.

Nililia, siwafichi. Nililia huku nacheka, na mdomo wake ukapanda upande mmoja. Mama Neema alidhani tumepagawa.

Siku hizi naenda kila Jumapili. Naongea mimi, yeye anajibu kwa vidole. Ila hoja mpya hawezi kunipa, na nikijaribu kumsemea anakunja uso, anajua namsemea hoja dhaifu ili nishinde. Jumatatu narudi dukani, na upande wa pili wa ukuta hakuna wa kubishana naye.

Nilichojifunza: mtu akiugua, usimwachie ubishi. Ukimwachia, umemwambia amekwisha.

Kwa hiyo leo sitaki mtu wa upande wangu humu. Nataka hoja za Mwalimu, zile kali: mwepesi, mwenye miguu na pumzi, anamfanya nini jitu? Jumapili nitamsomea moja moja. Nipigeni bila huruma.

Na kama kuna mwenye jibu la raundi ya kumi na tatu, tafadhali mkuu, kaa nalo.