Tulivyomlilia Mchuuzi wa Vitenge

Watu wanaosoma vitabu vyangu hudhani mwandishi ni mtu wa kukaa. Mimi kukaa sikujui. Maneno haya nayaandika nimesimama jikoni kwangu Doonside, magharibi ya Sydney, sufuria ya maharage iko motoni inatokota, na nimeshatoka uani mara mbili kutazama kitu nisichokijua. Mume wangu husema nahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Sikatai. Nimetaga mara tatu, kila mara kwenye kiota kingine: nilikuwa mwigizaji, nikawa mkandaji, na sasa, mvi zimenijaa, natunga riwaya.

Uigizaji niliufanya Tanga, katika kikundi cha maigizo na ngoma kilichozunguka mikoani. Sura ya kuchezea wachumba sikuwa nayo, kwa hiyo nikapewa wajane. Kilio ndicho kilichonilisha. Nilijua kulia kwa kupiga mayowe, kulia kwa kung'ang'ania jeneza, na kulia kwa kunyamaza, ambako ndiko kugumu kuliko kote. Siku moja goti likateguka jukwaani, nikapelekwa kwa bibi mmoja aliyekuwa akikanda watu. Akaniponya, na kwa kuwa sikuweza kutulia nyumbani kwake bila kazi, akanifundisha.

Nilipohamia Sydney nikausomea ukandaji darasani, nikapata cheti, na gereji yetu nikaigeuza chumba cha kukandia. Waliokuja wengi walikuwa Wakongo wa kwenye maghala na Wakenya wauguzi, watu ambao kutwa kucha wanainua maboksi na wazee wa watu. Mtindo wangu ulikuwa hadithi. Msuli unaoogopa hujikaza, na ukijikaza haukandiki. Basi nilikuwa nikianza kisa kwa sauti ya kawaida, na vidole vikifika penye maumivu natia jambo zito, mtu anasahau kujikaza. Muda ukiisha, nakata kisa palepale. Wengine walisema ni ujanja wa kuwarudisha wiki ijayo. Ni kweli. Kwani nani aliwaambia mganga hali?

Aliyerudi kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Bukavu, anayekaa Smithfield na binti yake. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono wa kushoto usiomsikiliza. Tuliuhangaikia miezi mingi. Ulianza kuondoka pajani, ukafika kitovuni, ukafika kifuani, na kila ulipopanda kidogo mama aliutazama kwa dharau kama mtoto aliyechelewa kutoka shule. Ndipo mji ukafungwa, ule mwaka wa pili wa korona. Mitaa yetu ya magharibi ndiyo iliyobanwa zaidi. Helikopta ilikuwa ikizunguka juu ya mapaa, na kuvuka kilomita tano bila sababu ilikuwa kosa. Gereji nikaifunga.

Sijui nieleze vipi hali ya mikono yangu siku zile. Nilikanda unga hata kama hatuna njaa. Nilimkanda mume wangu mpaka akaomba apumzishwe. Kisha binti wa yule mama akanipigia simu wakati wa mapumziko kazini kwake ghalani.

"Aunty, mama hafanyi mazoezi," alisema. "Physio wake wa mazoezi amemuona kwa video, anasema akiendelea hivi the shoulder will freeze, bega litaganda, na ikifreeze hairudi tena. Miye niko shift kutwa. Nifanye je?"

Kumkanda kwa simu nisingeweza, lakini hadithi sikuwa nimenyang'anywa. Kila asubuhi nikawa nampigia kwa video, simu yake kaiegemeza kwenye kopo la chai, na sharti letu lilikuwa moja: mkono ukienda, nasema, mkono ukisimama, nanyamaza. Kwa mazoezi ya mchana nilimrekodia sauti na kumtumia, asikilize akiwa peke yake. Kisa kilikuwa cha mchuuzi wa vitenge wa mpakani, mwanamke mkorofi aliyekuwa akivuka na mzigo na kuwasuta maaskari wa forodha mpaka wanampisha kwa aibu. Nilikibuni papo kwa papo. Mama alikuwa na kumbukumbu ya hakimu. Nikisema mchuuzi amevaa viatu vya mpira, ananirudisha kwamba juzi alivuka peku, je, viatu kanunua lini? Nikaanza kuandika kila kipande kabla ya kukisema, ili nisisutwe mimi. Kurasa zikawa nyingi. Nikaona ajabu kwamba nikiandika, mikono inatulia, ingawa miguu haitulii.

Mkono wa mama ukafika kidevuni. Hapo habari ikaja kutoka Bukavu kwamba dada yake, waliyefuatana kunyonya ziwa moja, amefariki hospitalini kwa korona hiyo hiyo, na amezikwa bila watu.

Kwao, kama kwetu, msiba ni watu. Wanakuja, wanalala sakafuni, wanapika, wanaimba, na mfiwa haachwi peke yake hata kidogo. Sasa kukusanyika ilikuwa marufuku. Mama akamkataza binti yake asiwaambie akina mama anaoimba nao kwaya kanisani. Alisema haina maana kuwapa habari watu wasioweza kuja. Kwa hiyo tuliojua tulikuwa binti na mimi tu. Hakulia. Asubuhi alikaa mbele ya simu kama kawaida, lakini mkono ulibaki mapajani. Nikanyamaza, kama sharti lilivyo. Siku zilizofuata nikavunja sharti, nikasimulia mfululizo, nikamchekesha, nikamwimbia. Mkono haukwenda. Nilimkasirikia. Nilikuwa nikizima simu natembea uani huku na huku, nikihesabu tulikotoka, nikiona bega linaganda mbele ya macho yangu na mimi niko umbali wa mwendo mfupi wa gari, siwezi hata kuligusa.

Katika hali hiyo nikamuua mchuuzi wa vitenge. Sikupanga. Nilikaa kuandika avuke mpaka, yeye akashikwa na homa, akaingizwa wodini, mlango ukafungwa. Mdogo wake akabaki nje ya geti na furushi la nguo safi. Niliingia gereji nikarekodi sehemu ya yule mdogo mtu kwa sauti yake, akiomba apewe dada yake amwoshe. Kile kilio cha jukwaani kilinijia chenyewe, na nusu yake haikuwa ya jukwaani. Nikamtumia mama bila kusikiliza tena.

Kesho yake alasiri, binti aliporudi kutoka kazini alikuta mlangoni kwao masufuria yamepangwa: sombe, yaani kisamvu chao, bugali uliofungwa kwa kitambaa, samaki wa kukaanga. Akina mama wa kwaya wanaokaa jirani walikuwa wakija mmoja mmoja na barakoa zao, wanaweka chakula, wanagonga, wanarudi hadi getini na kusimama kidogo vichwa vimeinama. Kwenye kundi la simu la kwaya zilikuwa zimejaa pole na zaburi. Ile sauti yangu ilikuwa humo, imetumwa na simu ya mama. Kila aliyeisikia aliamini ni ndugu yake mama anayelia kutoka nyumbani.

"Aunty, umefanya nini?" binti aliniuliza. "Watu wanalilia character."

Nilicheka, halafu nikaona nilichofanya. Msiba hauchezewi. Wale akina mama wana misiba yao waliyoshindwa kwenda kuzika, na mimi nimewatoa machozi kwa mtu asiyekuwapo. Isitoshe, jioni ile wangekutana kwenye simu kumwimbia mfiwa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nilifikiri angalau niwahi kukiri kabla hawajaimba. Nikampigia mama. Nikamwambia nitawaeleza wote kwamba sauti ile ni yangu na kisa ni cha kubuni, kwamba yeye kaituma kwa bahati mbaya na hana kosa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haikuwa bahati mbaya. Nilituma nikijua."

Nikamuuliza kwa nini, mama yangu, kwa nini asiseme tu kwamba amefiwa. Alijibu kwamba alijaribu mara nyingi kulisema na mdomo ulikataa.

"Ule mwenye kuuzisha bitenge haiko mutu, najua," alisema. "Dada yangu alikuwa mutu. Nani alimulilia? Acha balie, mwanangu. Nitabaambia jina yake miye mwenyewe."

Jioni binti aliniunganisha nao. Nyuso zilikuwa nyingi, ndogo ndogo, nyingine gizani, nyingine jikoni na watoto wakipita nyuma. Waliimba bila kupatana, maana simu ilichelewesha sauti, wa Blacktown wakimaliza mstari, wa Fairfield ndio kwanza wanauanza. Ilikuwa kwaya mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia. Mimi nilikuwa nimesimama gereji, nikizunguka meza tupu ya kukandia.

Walipomaliza, mama alijongea kwenye simu. Alisema sauti waliyoisikia ni ya hadithi, lakini msiba ni wa kweli, na akalitaja jina la dada yake. Alilitaja mara ya kwanza polepole. Mara ya pili sauti ikampasuka, na kile kilio alichokibana siku zote zile kikatoka, na akina mama wakakipokea kila mmoja kutoka nyumbani kwake. Nikaacha kuzunguka.

Mama alikuwa ameweka mikono kichwani, kama wanavyofanya wafiwa wote kwetu. Mikono miwili. Binti, nyuma yake, aliziba mdomo wake kwa kiganja akanitazama. Nilitaka kumwambia, mama, mkono wako uko juu. Nikanyamaza. Niliogopa akiuona utashuka.