Nati Nne na Jirani Yangu Fundi

Gari langu la kwanza lilikuwa saluni, gari dogo jeupe lililochoka, ambalo watu wawili walikuwa wamelitumia kabla yangu. Nilikuwa mwalimu wa sekondari upande wa Kabianga, na kwa mwalimu wa miaka ile ya tisini gari lilikuwa kitu cha kuoshwa kila Jumamosi hata kama matope yangerudi Jumapili. Sikuwa nimemaliza miezi mitatu nalo wakati mzee mmoja wa kanisa letu alipotoka ibadani, pale Sosiot, akakuta gari lake halina magurudumu, limekaa juu ya mawe manne. Sisi tulikuwa ndani tukiimba, mvua ikipiga mabati, na wezi walikuwa nje wakifungua nati bila haraka. Mzee alisimama na Biblia kwapani akayatazama yale mawe.

"Hata wameyapanga vizuri," akasema.

Niliporudi nyumbani nilimweleza jirani yangu. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, mtu wa upande wa ziwani aliyekuja huku kutafuta kazi akiwa kijana na akabaki. Nyumba zetu za kupanga zilitenganishwa na ua wa miti tu, na wake zetu walikuwa wamefungua kipenyo katikati yake ili wasizunguke wakienda kuazimana chumvi.

"Mwalimu," akaniambia, "mwizi hapendi kazi ngumu. Mpe kazi ngumu, ataenda kwa mwingine."

Jumamosi iliyofuata tulienda pamoja Kericho, kwenye duka la vipuri, kutafuta nati za kufuli. Zilikuwa nati nne, moja kwa kila gurudumu, zenye kichwa cha mviringo ambacho spana ya kawaida haiwezi kukishika. Kila seti ilikuja na funguo mbili: vyuma vifupi vyenye mikunjo ndani, vinavyoingia kwenye kichwa cha nati hizo tu. Mimi ningenunua za kwanza nilizoonyeshwa, kwa sababu zilimetameta. Fundi alitoa tupa ndogo mfukoni, akaomba ruhusa, akaikwaruza moja pembeni. Tupa ikala chuma kama sabuni.

"Hii ni laini. Mtu na patasi anaimaliza dakika mbili."

Alikuwa amekuja na nati moja ya gari langu, akalinganisha meno, kisha akatazama upande unaokaa kwenye rimu, kama umechongoka sawasawa. Mwenye duka alianza kukasirika. Fundi hakujali. Seti ya nne ndiyo ambayo tupa iliteleza juu yake bila kuacha alama, na hiyo ndiyo tukachukua.

Alinifungia asubuhi ileile, kabla ya mvua ya mchana. Kila nati aliianza kwa vidole, akaizungusha mpaka ikakaa, ndipo akashika spana, akikaza nati ya upande huu, kisha ile ya upande wa pili wa gurudumu. Alinionya nisimwachie mtu anayekaza kwa kupanda juu ya spana na miguu miwili. Alipomaliza alinipa funguo zote mbili kiganjani. "Moja iende na gari, lakini isikae mbele. Huko mbele ndiko mwizi anaanza. Ingine iache nyumbani." Alikataa chochote isipokuwa chai.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningeikumbuka kwa furaha.

Wizi haukuisha. Gari la mwalimu mwenzangu lilivuliwa magurudumu mawili Kapsoit, siku ya soko, na lilikuwa na nati za kufuli kama zangu. Kwenye chumba cha walimu maneno yakaanza. Miaka ile neno "wageni", kwa watu wa makabila mengine kama fundi, lilikuwa limeshaanza kusemwa kwa sauti, hata na watu waliosoma. Mwalimu mwingine akaniuliza, "Wewe ulifungiwa na nani?" Nikamwambia. Akakoroga chai yake muda mrefu. "Si huyo ndiye anajua kufungua nati zenu zote?"

Jioni nikatafuta ufunguo wa garini. Nilifungua dashibodi, nikapapasa chini ya viti vya mbele. Haukuwapo. Sikutafuta zaidi ya hapo. Niseme ukweli: nilikuwa tayari na jibu.

Nilipita kwenye kile kipenyo cha ua. Fundi alikuwa ameketi mlangoni akivua viatu vya kazi, mkewe akichambua sukumawiki kando yake.

"Fundi, ufunguo wangu wa nati umepotea."

"Umeangalia gari yote?"

"Nimeangalia," nikasema, na ulikuwa uongo. "Nilikuwa nafikiria, pengine uko kwako."

Akaacha kiatu. "Mwalimu, unaniuliza ama unaniambia?"

Nilisema nauliza tu. Mkewe alikuwa ameacha mboga. Fundi aliingia ndani, akatoka na sanduku lake la vifaa, akalipindua lote juu ya nyasi: spana, tupa, misumari, vipande vya waya. Alivitandaza kimoja kimoja ili nione. Kisha akaanza kuvirudisha, na mimi nikasimama pale kama askari. Nilisema, "Sikumaanisha hivyo." Akaendelea kuokota misumari. Tangu siku hiyo tulisalimiana kwa vichwa, na baada ya wiki moja mtu wa upande wao aliziba kile kipenyo kwa miiba.

Ufunguo uliobaki nikauficha kabatini, chini ya mashuka, nikaapa hautatoka nyumbani.

Mwezi uliofuata tulipata habari kwamba mama mkubwa, dada yake mama yangu, amelazwa hospitali upande wa Bomet na hali si nzuri. Niliondoka na mama asubuhi, naye amepakata kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ambayo dada yake aliyapenda. Tulikuwa tumepita Litein tairi la nyuma lilipopasuka. Nilitoka na jeki, nikaikuta ile nati ya mviringo inanitazama, nikakumbuka mashuka.

Nilimwomba mama apande gari lingine atangulie. Alikataa, hakuijua hospitali ile wala hakujua kusoma vibao. Mwanamke wa boma la karibu alimpa mama kigoda na chai, nami nikadandia lori la majani chai kurudi nyumbani. Kwenda na kurudi, pamoja na kungoja magari, kulikula zaidi ya saa nne. Niliporudi mama alikuwa palepale, kibuyu magotini.

Nililegeza nati zote, nikafungua buti, nikainua tairi la akiba. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha sweta langu kuukuu, kimefungwa kwa uzi wa viatu, fundo langu mwenyewe. Sikuhitaji kukifungua. Nilikumbuka Jumapili niliyouweka pale ufunguo, mbiombio, kabla ya ibada, kama fundi alivyonishauri.

Tulifika hospitalini saa kumi jioni. Muuguzi alitutoa nje ya wodi kwa upole. Mama mkubwa alikuwa amefariki saa nane. "Alikuwa anauliza kama dada yake amefika," akasema. Mama aliinamia kibuyu chake. "Sasa haya maziwa nitampa nani?" Hakunilaumu siku ile, wala baadaye, na mimi sikuwahi kumwambia nilichokikuta chini ya tairi.

Kwa fundi ningeweza kwenda siku iliyofuata kumwambia ukweli na kuomba radhi. Nilijiambia kwanza tumalize mazishi. Kisha nikajiambia atakuwa amesahau. Miezi ikapita hivyo, mpaka asubuhi moja nikaona lori limesimama nje kwao, wakipakia vyombo. Alikuwa amepata kazi karibu na nyumbani kwao, au pengine alikuwa amechoka na sisi, sikuuliza. Nilipita barabarani, nikashika upande mmoja wa kitanda chao, yeye akashika wa pili, tukakipandisha. Nyuso zetu zilikuwa karibu sana. Maneno yalikuwa mdomoni, yote, nimeyapanga.

"Safari njema, fundi," nikasema.

"Asante, mwalimu." Akafuta mikono, akapanda mbele kando ya mkewe, ambaye alikuwa akitazama mbele.