Muuza Seng'enge na Ua wa Mpaka

Duka langu liko Nyamasaria, Kisumu, kando ya barabara ya Nairobi. Nauza saruji, mabati, misumari na seng'enge. Asubuhi ile redio ilikuwa inauliza swali ambalo nchi nzima ilikuwa ikibishania: serikali imalize kujenga ule ua wa mpakani na Somalia, au iachane nao? Mmoja alipiga simu akasema ni mradi wa kula pesa. Mwingine akasema magaidi hawajui kuruka seng'enge, basi tulale salama. Alikuwa anadhihaki, na dhihaka yake ilinichoma.

Mdogo wangu ni askari huko mpakani. Miezi michache kabla ya hapo gari lao lilikanyaga bomu. Wenzake walikufa, yeye akabaki na sikio moja linalosikia. Kwa hivyo nilipiga simu.

Nilikosea pale mwanzo tu. Mtangazaji aliniuliza ninafanya kazi gani, nikajibu kwa uaminifu: "Mimi nauza seng'enge Nyamasaria. Najua ua mzuri, najua ua mbaya. Wajenge, wamalize." Nilikuwa sasa nafikia habari ya ndugu yangu. Mtangazaji akasema muda umekwisha, tuingie kwenye taarifa.

Kabla ya saa sita, mama anayeuza dagaa wa omena karibu na mlango wangu alikuja akisugua mikono kwa leso.

"Baba, tenda ikitoka usitusahau."

"Tenda gani, mama?"

"Ile ya waya. Si tumekusikia?"

Nilicheka. Yeye hakucheka sana.

Wiki hiyohiyo lori lililobeba vigingi vya zege, vile vya kujengea ua, liliharibika mbele ya duka langu, likalala hapo siku mbili likingoja springi. Vigingi havikuwa vyangu, hata sikujua vinaenda wapi. Lakini watu waliopita walipunguza mwendo, wakaangalia lori, kisha wakaniangalia mimi. Jumapili, baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ugonjwa, "Bwana, hiyo mali inashukia Mombasa ama inaletwa moja kwa moja?" Nilimwambia sina mali yoyote. Akanipigapiga begani. "Ni sawa. Siri ya mtu ni yake."

Mtu akishakushuku, kukana kwako kunakuwa ushahidi. Nami nikaanza kuwapima watu. Fundi aliyezoea kununua misumari kwangu alipopita moja kwa moja kuelekea duka la mbele, nilimwekea kinyongo, kumbe alikuwa anaenda kwa kinyozi. Mama wa omena akiongea na mteja na kuinua macho upande wangu, nilijua ananisema. Pengine alikuwa anaangalia mvua.

Hali ilikuwa hiyo mdogo wangu alipokuja likizo. Sikumwambia lolote kuhusu redio. Alishinda nami dukani, na tangu siku ya kwanza alihamisha kiti mpaka kwenye ukuta wa nyuma, ili aone mlango. Nikimwambia kitu upande wa sikio bovu, alishtuka.

Siku moja aliingia mteja mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na ndevu alizopaka hina. Msomali. Alitaka seng'enge ya boma la mbuzi huko Mamboleo. Nilikuwa bado natafuta koleo, mdogo wangu akasimama.

"Unatoka wapi?"

"Mamboleo."

"Nauliza kwenu. Kwenu ni wapi?"

"Hapa Kisumu."

"Toa kitambulisho."

Yule mtu alinigeukia mimi, si yeye. Kisha akasema, pole pole, kwa Kijaluo kisichokwaruza hata kidogo, "An nyathi Kisumo." Mimi ni mtoto wa Kisumu. "Nimezaliwa Manyatta. Shule nimesomea hapa. Kitambulisho naonyesha askari."

"Mimi ni askari."

"Basi vaa nguo ya kazi, ndugu yangu."

Nilimshika mdogo wangu mkono. Nilimwambia, "Omera, ndugu yangu, huyu ni mteja wangu. Kaa." Alikaa. Nilibeba zile roli za seng'enge mwenyewe mpaka kwenye tuktuk, na yule mtu akaondoka haraka bila kuaga, akasahau mfuko wa misumari iliyopinda ya kushikia waya.

Niliporudi ndani nilikuwa na hasira. "Unajua watu wanasema nini juu yangu? Na wewe sasa unanifukuzia wateja?"

Yeye akaanza kusimulia kuhusu muuza maziwa mmoja.

Kulikuwa na mzee aliyewauzia maziwa kambini. Alikaa upande huu wa ua, raia kama sisi. Mdogo wangu aliwajua watoto wake, mmoja alimfunza kuhesabu kwa Kisomali. Asubuhi ya bomu, mzee huyo hakuleta maziwa. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Pengine aliugua," nilisema.

"Pengine. Baadaye wakamkamata, wakamwachilia. Sijui kama alijua kitu. Hiyo ndiyo inanimaliza, omera. Ningejua ni yeye, ningemchukia nilale."

"Kwa hivyo ule ua hausaidii?"

"Sijasema hivyo. Nikiwa huko nautaka, tena mrefu. Lakini maziwa yalikuwa yanatoka huku kwetu."

Nilifikiria zile dakika zangu redioni. Hata wangeniachia muda, hilo nisingelisema, maana sikulijua.

Kesho yake nilipakia ule mfuko wa misumari kwenye pikapu. Mdogo wangu aliingia upande wa abiria bila kuitwa. Mamboleo tulimkuta yule mtu akihangaika peke yake na waya uliojikunja. Alituona, akasimama wima na nyundo mkononi, akingoja kuona tumeleta nini. Nilimwonyesha mfuko. Mdogo wangu hakuomba msamaha. Alishika ncha ya seng'enge, akaivuta hadi kigingi cha pembeni, akaikaza kama mtu aliyeifanya kazi hiyo juani kwa miaka. Yule mwingine akapigilia. Upande mzima ulikwisha bila neno, isipokuwa "vuta" na "shika hapo."

Kisha mke wake akatuletea chai ya maziwa ya mbuzi. Mimi nilikunywa. Mdogo wangu alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama mpaka utando wa maziwa ukaganda juu. Mwenye boma aliona. Alijifanya anaangalia mbuzi wake. Tulipoinuka, mdogo wangu alikiweka kikombe juu ya jiwe, kimejaa vilevile.

"Safari njema, afande," yule mtu akasema.

Tuliingia garini. Tulipokaribia kona ya Nyamasaria ndipo aliponiuliza, akitazama nje, "Chai yake ilikuwa nzuri?"

"Nzuri," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayehifadhi habari hiyo mahali. Wiki iliyofuata alirudi kazini.