Cheti cha Ndoa

Faili la daktari lilikuwa limekamilika isipokuwa kwa jambo moja: kwenye karatasi zake alikuwa watu wawili.

Leseni ilikuwapo. Bima ilikuwapo, cheti cha polisi cha tabia njema kilikuwapo, majibu ya damu ya kuthibitisha kwamba amechanjwa homa ya ini, barua za wadhamini wawili, hata hati ya mafunzo ya kuufufua moyo uliosimama, ambayo aliipata baada ya kushinda siku nzima akikandamiza kifua cha mwanasesere wa mpira mpaka viganja vikamwaka moto. Lakini shahada yake ya udaktari ilikuwa na jina la baba yake, na leseni ilikuwa na jina la mume wake.

"Mimi nakuamini, daktari," alisema karani wa wakala aliyekuwa akimtafutia kazi, mwanamke ambaye madaktari wote walimwita Mama Mihuri. Kwenye simu sauti yake ilikuwa tamu, tamu ya mtu aliyezoea kuwanyima watu vitu. "Ila kliniki haitaki imani, inataka cheti cha ndoa. Bila hicho, aliyesoma ni mwingine na anayetaka kutibu ni mwingine."

"Nikiomba nakala kwa msajili?"

"Wiki nane. Na kazi inaanza baada ya wiki tatu."

Kazi yenyewe ilikuwa ya miezi mitatu tu, kushika nafasi ya daktari wa familia aliyekwenda kujifungua, katika mji mdogo mwendo wa saa tano kwa basi. Mtu mwingine angesema, acha ipite. Lakini yeye alikuwa na mwaka wa tatu sasa katika ofisi ya bima, akisoma ripoti za wagonjwa asiowaona: goti la fulani, mapafu ya fulani, sahihi, muhuri, lete nyingine. Alitamani mtu aingie mlangoni. Alitamani kukoholewa usoni, kuulizwa swali la kipuuzi, kumwona mtoto akificha mkono nyuma ili asichomwe sindano. Wakati mwingine dukani alijikuta akihesabu pumzi za mzee aliyemtangulia kwenye foleni.

Na cheti cha ndoa kilikuwa kwa mama mkwe.

Hapo ndipo penye mwiba. Mume wake alikwenda ng'ambo kwa mkataba wa miaka miwili. Miwili ikazaa minne, minne ikazaa mtoto, na mtoto ana mama yake. Ndoa haikuvunjwa na mtu. Ilichakaa tu, kama nguo iliyosahauliwa kambani. Siku habari za mtoto zilipofika, daktari alifungasha vitu vyake akaondoka katika nyumba aliyoishi na mama mkwe kwa miaka tisa. Hakugombana naye. Afadhali wangegombana, maana waliogombana hupatanishwa. Wao walioneana haya tu, na haya ikawa ukuta. Miaka mitatu hakukanyaga pale.

Jumamosi akapiga moyo konde. Mkono mtupu haulambwi, akanunua machungwa, akabisha hodi.

Mama mkwe alifungua, akamtazama kuanzia viatuni hadi kichwani. "Umekonda," alisema. "Ingia basi, au unangoja kuandikiwa barua?"

Daktari alieleza shida yake. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya chungwa, ganda likishuka mzunguko mmoja bila kukatika.

"Daktari wa familia wa muda," akarudia polepole. "Hiyo familia ndiyo ya muda, au daktari?"

"Daktari, mama."

"Haya. Maana siku hizi huwezi kujua."

Wakacheka wote wawili, kisha wakanyamaza ghafla kama waliofumaniwa. Cheti, mama mkwe akasema, kipo tu humu ndani, ila macho yake si yale ya zamani. Atatafuta. Aje Jumamosi ijayo.

Jumamosi ijayo cheti hakikuonekana. Kilichoonekana ni miguu iliyovimba.

"Mficha uchi hazai," alisema mama mkwe akipandisha gauni, "na mficha miguu haponi. Hebu tazama."

Daktari akapiga magoti sakafuni. Akabonyeza juu ya kifundo, akaangalia jinsi kibonyeo kilivyochelewa kujaa. Akauliza anameza dawa zipi, saa ngapi, anapumuaje akilala chali. Ikatokea kwamba vidonge vya presha anavimeza siku moja na kuruka moja, ati visiishe upesi.

"Nani alikushauri hivyo, mama?"

"Jirani. Yeye ana presha miaka ishirini."

"Basi jirani naye aje nimwone."

Na jirani akaja kweli, na dada yake jirani, kila mtu na mfuko wake wa dawa. Mikono ya daktari ilifanya kazi yenyewe, kama iliyokuwa ikingoja kuitwa. Cheti hakukikumbuka mpaka alipofika kwake na kuingiza ufunguo mlangoni.

Jumatatu Mama Mihuri akapiga. "Daktari, kwenye kompyuta faili lako limebakiwa na taa nyekundu moja. Ijumaa saa sita mchana linafungwa. Na kuna mwenzako yuko nyuma yako, ambaye jina lake ni lilelile tangu azaliwe."

Jumatano aliomba ruhusa ofisini, akaenda. Mama mkwe alikuwa amekaa kibarazani na gazeti, akamtuma amletee miwani kutoka kwenye droo ya kabati. Daktari alivuta droo. Miwani ilikuwa juu ya bahasha ya kaki, na kwenye bahasha palikuwa na mwandiko wa kutetemeka: *Cha mwanangu wa kike.* Akaifungua. Cheti kilikuwamo, kimekunjwa mara moja tu, safi kabisa.

Angeweza kukitia mkobani, kwani kilikuwa chake. Lakini alikirudisha kilipokuwa, akachukua miwani, akatoka.

"Mama, kile cheti umekiona?"

"Bado, mwanangu. Njoo Jumamosi."

"Jumamosi nitakuwa nimechelewa." Akaketi kando yake. "Mama, kimo kwenye droo ya miwani."

Mama mkwe alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa pindo la gauni lake kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Kilikuwa hapo tangu siku ya kwanza," alisema. "Nilijua ukikipata hutarudi tena."

"Ungeniambia tu nije."

"Nikuambie uje kwa nani? Mwanangu hayupo. Nilimzaa mimi, lakini tabia ile hakuinyonya kwangu, na aibu yake nimeibeba mimi. Kila nikishika simu nikupigie, najiuliza nitasema nini. Kwamba nyumba imekuwa kubwa?"

Daktari akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: mara ngapi alishuka kituo cha pale, akatembea mpaka kwenye kona ya mtaa, akaona mapazia ya nyumba, akageuka. Mama mkwe akaushika mkono wake. Walikaa hivyo mpaka jua likawafikia magotini.

Alhamisi akakituma cheti, na taa nyekundu ikawa kijani. Mama Mihuri akampongeza, akamtumia barua ya mkataba, na wiki iliyofuata daktari akapanda basi.

Mji ulikuwa mdogo kweli. Siku ya kwanza aliona wagonjwa thelathini na mmoja, na kila aliyetoka aliuliza swali lilelile akiwa na mkono kwenye kitasa: "Nikirudi nitakukuta?" Akawa anajibu, "Mpaka miezi mitatu iishe," na kila akilitamka jibu hilo lilizidi kuwa zito mdomoni.

Alikuwa ameahidi kwenda kwa mama mkwe kila baada ya Jumamosi mbili. Alikwenda mara mbili. Ya tatu kliniki haikumwachia. Akapiga simu badala yake.

"Miguu?"

"Imepungua. Viatu vinaingia."

"Dawa unameza kila siku?"

"Kila siku. Jirani naye anameza."

"Macho, je?"

"Macho hayajambo."

Ilibidi mmoja wao aage sasa, na hakuna aliyeaga.

"Lakini bega hili," akasema mama mkwe. "Sijakueleza habari za bega."

"Hebu nieleze, mama," akasema daktari, akavuta kiti, akakaa.