Starehe

Desemba hoteli za Mji Mkongwe hujaa watu waliokuja kupumzika, na wanaowapumzisha hawana nafasi hata ya kukaa. Juzi nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja nikimsubiri rafiki yangu. Binti wa mapokezi alikuwa na kikombe cha chai, lakini kila akitaka kukaa, mlango ulifunguka naye akainuka. Mgeni wa Kizungu alikuwa amesimama mbele ya meza yake.

"Maji hapana moto! Mimi nakuja hapa kupumzika!"

"Nshampigia fundi, bwana, yuko njiani." Sauti ilikaribia kilio. Alikuwa ndiyo kwanza anakaa, akaingia bibi anayeleta asumini za vyumbani. Binti akainuka tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Starehe, mwanangu, starehe." Bibi alikishusha kiganja taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Yeye nasema nini?" mgeni akauliza.

"Kasema nisiinuke kwa ajili yake."

Mgeni akaitazama chai, akamtazama binti, naye akashusha kiganja.

"Starehe," akasema, akaenda kumsubiri fundi kitini.

Binti alikaa. Chai ilishapoa, akainywa yote. Nami, niliyesimama muda wote huku viti viko vitupu, nikakaa. Sikuambiwa mimi, lakini neno lilinitosha.